Ile "Krach" Mliyosikia Haikuwa ya Matango

Ile "krach" mliyosikia kwa vidio yangu ya matango ya siki haikuwa ya matango. Ilikuwa ya krips. Nilinunua krips za viazi duka la chini ya ploti, nikazitafuna karibu na maikrofoni, halafu nikapachika hiyo sauti juu ya picha. Sasa mnajua. Nitusini, niko hapa, lakini mkimaliza msome hadi mwisho, juu si mimi peke yangu.

Kwa wale hawakuiona, hadithi iko hivi. Duka moja la mtandaoni la vyombo vya jikoni lilinitumia eafraya, kile kikaangio cha hewa ambacho siku hizi kila mtu wa mapishi lazima awe nacho mezani, pamoja na shilingi 8,000. Kazi ilikuwa vidio ya sekunde 40, chakula "cha kizungu kidogo", watu wakiangalia watamani maisha. Nikachagua matango ya siki, yale madogo ya kwenye chupa, yale wengi wenu hutoa kwa baga na kuweka kando. Nikayapaka makombo ya mkate, nikayaweka ndani. Kwa skrini nikaandika: "Dakika 10. Bila mafuta. Rahisi kabisa."

Mambo matatu, na yote matatu uongo.

Kodi ilikuwa imefika. Niliacha chuo mwaka wa pili, sina payslip, na 8,000 kwa vijana wa rika langu si pesa ya kukataa. Lakini hiyo ni sababu, si utetezi.

Wiki mbili baadaye dada mmoja wa chuo akanitumia ujumbe. Anaishi hosteli ya nje, na alikuwa amechukua mashine ile ile kwa lipa pole pole. Alinitumia picha ya trei. Matango yamelowa, makombo yameng'oka yakabaki chini kama uji umemwagika. Akaandika: "Bro nimejaribu mara mbili. Nimekosea wapi?"

Manze, hilo swali lilinikaa. Hakuuliza mbona nilimdanganya. Aliuliza yeye amekosea wapi. Ana deni la kulipa kila mwezi, trei imejaa matope, na bado anadhani shida ni mikono yake.

Na mimi nilijua kabisa alikosea wapi, juu yangu yalikuwa yametoka hivyo hivyo mara tatu. Vipande sita mlivyoona vikimeta kwa sahani ndivyo pekee vilivyosimama kati ya chupa mbili nzima. Vingine vilienda kwa pipa kabla sijawasha taa ya kamera.

Wacha niwaambie ukweli ambao ulifaa kuwa kwa hiyo vidio.

Eafraya haikaangi. Jina ni la biashara. Ni oveni ndogo: waya wa moto juu, na feni ya kusukuma hewa izunguke chakula. Kampuni ya Philips iliileta sokoni mwaka 2010, na tangu hapo wengine wote wamefuata. Mafuta ya moto yakigusa unga laini, yanaushika papo hapo kila upande. Hewa haiwezi hiyo. Hewa inataka kitu ambacho juu tayari kimekauka, na kina mafuta kidogo ndio kipate rangi. Sasa tango lenyewe karibu asilimia 95 ni maji, na hili limelala kwa maji ya chumvi na siki miezi mingapi sijui. Likipata moto linatoa mvuke, mvuke unasukuma makombo kutoka ndani, ganda linabanduka. Ndio hiyo picha ya yule dada.

Kwa hivyo, kama unataka kuyapika kweli, fanya hivi. Kata vipande vya nusu sentimita. Vitandaze juu ya kitambaa safi au tishu, funika, bonyeza, acha robo saa, geuza, bonyeza tena. Hapa ndipo kila kitu kinaamuliwa, na ndipo sisi wote tunakata klipu. Chukua mkate uliolala, ukaushe, uusage, uchanganye na vijiko viwili vya mafuta, halafu uukaange kwa sufuria mpaka uwe wa dhahabu. Rangi inatoka hapo, si kwa mashine. Usiongeze chumvi, iko ya kutosha. Pitisha tango kwa unga mkavu wa ngano, kisha kwa yai, kisha kwa makombo, ubonyeze kwa kiganja. Acha yapumzike dakika kumi ndio yashike. Washa mashine kwanza ipate moto wa nyuzi 200, panga safu moja bila vipande kugusana, dakika 8 hadi 10, ugeuze katikati. Ule hapo hapo, juu dakika tano tu zikipita yanaanza kulegea.

Trei ndogo inabeba kama theluthi ya chupa, kwa hivyo ni raundi tatu. Jumlisha kukausha, kupaka, kupumzisha na kupika: ni zaidi ya saa nzima. "Dakika 10" yangu ilikuwa raundi moja. "Bila mafuta" yangu ilikuwa vijiko viwili nje ya fremu. Na kuhusu "rahisi", chupa ya matango peke yake nilinunua shilingi 450.

Stima nayo siwezi kuisingizia. Mashine ya wati 1,500 ikiwaka nusu saa inakula robo tatu ya yuniti. Tokeni haiishi juu ya matango. Inayoisha ni pesa ya kununua mashine yenyewe, na imani ya mtu kwa mikono yake.

Nilipoanza kusoma hiki chakula kimetoka wapi ndio nilijicheka vizuri. Mtu anayetajwa sana kuwa ndiye alianza kuuza matango ya siki ya kukaanga ni Bernell Austin, mwaka 1963, mji mdogo wa Atkins, jimbo la Arkansas huko Marekani. Alikuwa na mahali pa chakula panaitwa Duchess Drive In, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na kiwanda cha matango ya siki. Yaani jamaa alitumia kitu rahisi kilichokuwa mbele ya mlango wake, akakitumbukiza kwa mafuta, akauzia wapita njia. Hiyo ni akili ya kibanda kabisa! Ni kama mama wa viazi karai Mombasa, au jamaa wa bhajia hapa Nairobi. Sisi tukachukua chakula cha mtu aliyetumia kilichokuwa karibu, tukakigeuza kuwa kitu cha kuonyesha kwamba umeinuka, na chupa imetoka ng'ambo.

Na ile mashine tunayowaambia "itachukua nafasi ya karai" haijui chakula chetu. Bhajia ni unga wa dengu wa majimaji. Viazi karai ni rojo la ngano na bizari. Weka hivyo kwa trei yenye matundu uone. Mimi nilijaribu bhajia. Hiyo klipu hamjaiona na hamtaiona, juu jioni yote ilienda nikisugua matundu kwa kijiti cha meno. Hakuna aliyenilipa niwaambie hivyo, ndio maana hamkuambiwa.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: "Kwa hivyo unataka turudi kwa mafuta ya kibanda yamekaangiwa tangu Jumatatu?" Hapana. Mashine ni poa kwa kazi yake. Kuku wa kuoka anatoka fiti. Samosa za jana zinarudi kuwa ngumu vizuri. Kama uko na pesa na unajua unanunua oveni ndogo yenye feni, nunua, furahia. Na kama sababu ni afya, kumbuka inapunguza mafuta tu. Chumvi ya tango haigusi.

Mwingine atasema, "Buda, ni burudani tu, nani anaamini kila kitu kwa simu?" Yule dada aliamini. Na tusijifanye hatukutaka aamini, juu duka lililipia hasa hiyo imani. Kama hakuna anayeamini, mbona tunalipwa?

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na kitu alichonunua, na inaagiza kuwe na sheria ya matangazo yenye haki, ukweli na adabu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumpotosha mnunuzi. Sisi tunapenda kudhani hayo ni ya makampuni makubwa yenye mabango barabarani. Lakini ukichukua pesa kusifu kitu, wewe ndiye bango.

Kwa hivyo hii inaenda kwa watengeneza kontenti wenzangu, hasa wa mapishi. Sisemi muache kulipwa, na mimi pia bado natafuta kodi. Nasema vitu vitatu. Sema umelipwa, mwanzoni, kwa sauti, si kwa herufi ndogo chini. Onyesha trei ya kwanza, ile iliyoharibika, hata kwa sekunde tatu. Na taja gharama yote, mashine hadi yai. Kama duka litakataa vidio kwa sababu umesema ukweli, hapo umejua walikuwa wananunua nini.

Na nyinyi mnaotazama, chakula kikikuharibikia, usianze kwa kujiuliza "nimekosea wapi". Anza kwa kuuliza huyu mtu amekata nini. Uliza hiyo sauti imerekodiwa lini. Uliza kama sahani ya mwisho ndiyo ile ile iliyoingia kwa mashine. Na kabla uchukue kitu cha lipa pole pole, tafuta mtu wa mtaa wako anayekimiliki, enda kejani kwake, mpike pamoja kitu unachokula kila wiki. Si matango.

Yule dada nilimwandikia yote haya, pamoja na hiyo njia ya kukausha. Nilimwambia pia kuhusu krips. Alikaa siku mbili bila kujibu, halafu akatuma maneno matatu: "Kumbe si mimi." Sijajua kama amenisamehe. Mashine bado anailipa, miezi minne imebaki, na ameniambia anaitumia kupasha chapati.

Vidio ya zamani nimeiacha hewani, lakini sasa inaanza na picha ya ile trei yangu ya kwanza, na maandishi makubwa: HII NDIYO ILITOKA. Wiki ijayo napika tena, chupa moja, bila kukata, saa nzima na zaidi. Pengine mtaboeka. Njooni mboeke na ukweli.