Ruta ya Nyumbani: Ni Nani Anashika Ufunguo?



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, katika safu hii tumezoea kuzungumzia malezi, haki za wanandoa na ujirani mwema. Leo tutazungumzia kisanduku kidogo chenye taa za kijani kilichowekwa juu ya kabati la sebuleni, yaani ruta inayosambaza intaneti ya waifai. Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba hayo ni mambo ya mafundi, wala si ya ukurasa wa familia. Tunawaomba wawe na subira nasi, kwani yaliyotufika nyumbani kwetu yametufunza kwamba kisanduku hicho ni mlango wa nyumba kama milango mingine, na mwenye nyumba ataulizwa juu yake.

Fundi alipotufungia ruta, alituachia kikaratasi chenye neno la siri la kujiunga na waifai, akaaga, nasi tukaridhika. Baada ya miezi kadhaa intaneti ikawa nzito. Darsa aliyokuwa akiifuatilia mama watoto kila jioni ikawa inakatika katikati ya maneno ya ustadhi. Ndipo kijana mmoja wa jamaa zetu, mwenye ujuzi wa mambo haya, akatufungulia ukurasa wa usimamizi wa ruta na kutuonyesha orodha ya vifaa vilivyojiunga. Sisi tuna simu sita na kompyuta moja. Orodha ilikuwa na vifaa kumi na tisa. La kutisha zaidi ni kwamba ukurasa ule ulifunguka kwa jina na neno la siri la kiwandani, lile lililobandikwa chini ya ruta, ambalo hatukuwahi kulibadilisha. Yeyote katika wale kumi na tisa angeweza kuingia humo, akabadili atakavyo, na akatufungia nje ya nyumba yetu wenyewe.

Hapo tukafahamu jambo la kwanza ambalo wazazi wengi hawalijui: ruta ina funguo mbili. Ufunguo wa kwanza ni neno la siri la waifai, ambalo humruhusu mtu kutumia intaneti. Huo ni kama ruhusa ya mgeni kuketi barazani. Ufunguo wa pili ni neno la siri la usimamizi, na huo ni kama hati ya nyumba. Mwenye nao ndiye anayeamua nani aingie, saa ngapi, na aelekezwe wapi. Ni aibu mwenye nyumba kuushika ule wa kwanza na kuuacha wa pili ukining'inia mlangoni.

Madhara ya uzembe huu si ya kubuni. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilizunguka duniani ikijaribu orodha fupi ya majina na maneno ya siri ya kiwandani, yapatayo sitini tu. Kwa njia hiyo iliteka malaki ya ruta na kamera za majumbani, kisha ikazitumia kushambulia mitandao mikubwa. Wenye vifaa hivyo walikuwa wakila na kulala, hawana habari kwamba mali yao inatumika kuwadhuru watu wengine.

Basi ewe mzazi, haya ndiyo tuliyoyafanya, na kila mwenye simu au kompyuta anaweza kuyafanya kwa muda usiozidi nusu saa.

Kwanza, ukiwa umejiunga na waifai ya nyumbani, fungua kivinjari na uandike anwani ya ruta yako. Mara nyingi huwa ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na baadhi ya ruta zinazotumia laini ya simu huwa na 192.168.8.1. Anwani hiyo, pamoja na jina na neno la siri la kuanzia, huandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta. Ukishaingia, badili neno la siri la usimamizi kabla ya jambo jingine lolote. Liandike kwenye daftari linalotunzwa pamoja na hati za nyumba, na mama wa nyumba alijue pia.

Pili, nenda kwenye usalama wa waifai na uchague WPA2 au, kama ruta na simu zenu zinaukubali, WPA3 iliyotangazwa mwaka 2018. Ukikuta WEP, jua kwamba kufuli hilo lilivunjwa tangu mwaka 2001 na halimzuii mtu. Neno la siri la waifai nalo liwe refu. Maneno manne yasiyohusiana, yaliyounganishwa, ni bora kuliko jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa, ambavyo mtaa mzima unavijua.

Tatu, zima WPS, yaani ule utaratibu wa kujiunga kwa kubonyeza kitufe au kwa namba nane. Namba nane huonekana kuwa nyingi, lakini mwaka 2011 ilibainika kwamba ruta huzikagua kwa mafungu mawili, na tarakimu ya mwisho hutokana na zile zilizotangulia. Hivyo mdukuzi hahitaji kujaribu mamilioni ya namba, bali elfu kumi na moja tu, kazi ambayo kompyuta huimaliza kwa saa chache.

Nne, ingia katika mipangilio ya ndani zaidi, utafute usimamizi kutoka mbali, uuzime. Hakuna haja ya ukurasa huo kufunguliwa na mtu aliye nje ya nyumba yako. Kisha tazama kama kuna toleo jipya la programu inayoendesha ruta. Matoleo hayo huziba nyufa zilizogunduliwa na watengenezaji, na wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Usizime umeme wakati ruta inajisasisha, kwani inaweza kuharibika kabisa.

Tano, usibonyeze ovyo kile kitufe kilichofichwa ndani ya tundu dogo nyuma ya ruta. Kukishikilia kwa sekunde kadhaa hufuta kila kitu na kuirudisha ruta kama ilivyotoka kiwandani, pamoja na taarifa za kampuni inayokuletea intaneti. Bila ya taarifa hizo utabaki na sanduku lenye taa tu mpaka fundi aje. Ruta nyingi zina nafasi ya kuhifadhi nakala ya mipangilio. Itumie kabla ya kubadili chochote.

Ndugu msomaji, mpaka hapo tulikuwa tumefanya vizuri. Tulipokosea ni hatua iliyofuata. Tukiwa na ghadhabu ya wale wageni kumi na wawili, tulibadili neno la siri, tukapanga intaneti ijizime saa nne usiku kila siku, na hatukumshauri mtu. Tulilala tukijiona kuwa wachunga wema.

Siku ya tatu binti yetu mkubwa, aliyekuwa akijiandaa na mtihani wa kidato cha nne, alikuja akiwa ameshika daftari. Akasema, "Baba, shikamoo. Naomba kuuliza. Masomo ya fizikia nayapakua usiku watoto wakishalala, maana mchana naosha vyombo na kuwasaidia wadogo zangu. Sasa nisome saa ngapi?" Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumeweka sheria juu ya mtu bila ya kujua siku yake inavyokwenda.

Jioni hiyo hiyo akabisha hodi Bi mkubwa, jirani yetu mjane wa nyumba ya nyuma. Hakuja kulaumu. Alikuja na bakuli la kalimati, akaketi, akaulizia afya za watoto, na mwishowe akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nilidhani simu yangu imeharibika. Mwanangu wa Maskati hunipigia kwa video kila Ijumaa baada ya swala, na leo sikumuona." Kumbe mama watoto alikuwa amempa ruhusa tangu mwanzo. Katika wale kumi na wawili tuliowaita wezi, mmoja alikuwa mgeni wa haki, nasi tulimfungia mlango bila hata salamu.

Tulilala usiku ule tukiikumbuka hadithi mashuhuri ya kwamba Jibriil (A.S.) hakuacha kumuusia Mtume (S.A.W.) juu ya jirani, mpaka Mtume akadhani kuwa jirani angefanywa mrithi. Tukaikumbuka pia aya ya 38 ya Suuratush-Shuuraa, inayowasifu waumini ambao mambo yao huendeshwa kwa kushauriana. Tulikuwa tumeushika ufunguo, lakini uongozi ulikuwa umetuponyoka.

Kesho yake baada ya Isha tuliketi sote, wakubwa kwa wadogo. Mtoto wetu wa kiume akakiri kwamba yeye ndiye aliyewagawia rafiki zake neno la siri, na mmoja wao akamlipa shilingi elfu mbili. Hatukumpiga. Tulimuuliza kama angethubutu kuuza ufunguo wa mlango wa mbele. Akainamisha kichwa.

Maamuzi tuliyoyafikia ni haya. Ruta nyingi za leo zinaweza kutoa mtandao wa pili wa wageni, wenye jina lake na neno lake la siri. Anayeingia humo hupata intaneti, lakini haoni kompyuta wala vifaa vya wenye nyumba, na huwekewa kiwango cha kasi ili asiwalemee. Tukamfungulia Bi mkubwa mtandao huo, na Ijumaa iliyofuata mwanawe alionekana. Jambo la kuzingatia hapa ni kusoma mkataba wa kampuni yako, kwani baadhi ya mikataba hukataza kuwagawia walio nje ya nyumba, na Muislamu hutimiza masharti aliyoyakubali. Sisi tuliusoma kabla ya kumfungulia.

Kuhusu saa, tukapanga kwa kifaa badala ya kufunga nyumba nzima. Simu za wadogo hupumzika saa tatu usiku, na kompyuta ya binti mpaka saa tano. Wenye simu mpya wafahamu kwamba simu hizo hubadili anwani yake ya utambulisho kwa kila mtandao. Ni lazima kuzima tabia hiyo kwa mtandao wa nyumbani, la sivyo simu inaweza kuikwepa ratiba kwa kujionyesha kama kifaa kipya.

Kuhusu machafu, tulibadili anwani za DNS. Hiyo ni mfano wa daftari ambalo ruta huliuliza kila tovuti inapotajwa kwa jina. Yapo madaftari yanayokataa kutoa anwani za tovuti za uchi, kama lile la 1.1.1.3 la Cloudflare na lile la 208.67.222.123 la OpenDNS, na yote mawili hayatozwi malipo. Ukiyaandika katika ruta, kinga huenea kwenye vifaa vyote vinavyoitegemea.

Lakini tusidanganyane. Kinga hiyo haizuii picha inayotumwa WhatsApp, wala kijana mwenye bando lake, wala anayetumia VPN. Aya ya 6 ya Suuratut-Tahriim imetuamrisha kujikinga na Moto sisi pamoja na ahali zetu, na amri hiyo haitekelezwi na ruta. Ruta hupunguza ajali ya mtoto wa miaka minane kuangukia asichokitafuta. Kwa kijana wa miaka kumi na sita, kinga ni haya, swala, na mzazi anayezungumzika.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo zito kuliko yote. Ruta nyingi zinaweza kuweka kumbukumbu ya tovuti ambazo kila kifaa kimezitembelea. Tuliikuta sehemu hiyo, na kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe. Tungeweza kujua mama watoto hutembelea tovuti zipi na binti hutembelea zipi usiku. Aya ya 12 ya Suuratul-Hujuraat imekataza kupelelezana, na hatukuona kuwa imewatoa watu wa nyumba moja. Kumlinda mtoto mdogo kwa jambo analolijua ni malezi. Kumvizia mke au binti mtu mzima kwa jambo asilolijua ni kuvunja sitara aliyopewa na Mola wake. Tuliiacha sehemu ile imezimwa, na tukawaambia wote kwamba imezimwa.

Leo neno la siri la usimamizi limo katika daftari, na wanaolijua ni wawili, baba na mama. Binti amefanya mtihani wake. Bi mkubwa bado hutuletea kalimati, ingawa tumemwambia mara nyingi kwamba hatudai.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuwafikishe kuwa wachunga waadilifu wa nyumba zetu, azihifadhi nyoyo na macho ya watoto wetu, na asitufanye madhalimu kwa kisingizio cha ulinzi. Aamiin.

Wallaahu a'alam.