Wasifu Si Umbea

Katika baraza za wanazuoni wetu imezoeleka kusema kwamba mwimbaji hutazamwa katika wimbo wake, basi. Alivyoamka na alivyoshinda, kazi iliyomlisha, mchezo uliomburudisha saa za mapumziko, na namna alivyogeuka mwaka hata mwaka, hayo, wasema, si kazi ya mhakiki bali ni kazi ya wambea. Neno hili lina sura ya hekima, na mimi mwenyewe nimelifundisha kwa miaka kadhaa. Leo nalipinga. Nalipinga kwa sababu limetufanya tuwaachie wambea mali iliyokuwa amana yetu, na kwa sababu hasara yake nimeiona kwa macho yangu katika pwani ya Mtwara.

Tuanze na mfano ulio mkononi mwetu. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Alifinyanga vyungu, akavichukua mjini kuviuza. Na katika kunadi vyungu sauti yake ikaanza kujulikana. Mwaka 1911 alihamia mjini. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kutia sauti katika santuri. Mwaka 1950 alifariki dunia. Twayajua mambo haya kwa urahisi kwa sababu Shaaban Robert, ambaye hakuna amshindaye kwa heshima katika fasihi yetu, hakuona aibu kuandika maisha ya mwimbaji. Wasifu aliouandika ulitoka katika miaka ya 1950, na mpaka leo ndio mlango tunaoingilia. Lau angeshughulika na mashairi ya Siti peke yake, tungekosa vyungu; na mtu asiyejua habari za vyungu hawezi kufahamu sauti ile ilijifunza wapi kupenya kelele za njiani.

Baada ya hapo tulifanya nini? Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kwa jina la Bi Kidude, aliishi miongoni mwetu hata tarehe 17 Aprili 2013. Aliimba taarabu, alipiga ngoma, na aliwafunda wari katika unyago, desturi ambayo katika Unguja yahusishwa na watu waliotoka bara ya kusini. Kazi iliyoyatangaza maisha yake katika ulimwengu ni filamu ya mwaka 2006, na aliyeiongoza ni Mwingereza. Simlaumu mgeni huyo, namshukuru. Najilaumu mimi na wenzangu, maana bibi yule alikuwa akipatikana, na sisi tulikuwa darasani tukihesabu mizani.

Sasa nieleze yaliyonipata mwenyewe. Palikuwa na wimbo mmoja wa ngoma wa pwani ya kusini, ambao ndani yake mwezi mpevu unaitwa mara kwa mara kwa furaha. Niliwafundisha wanafunzi wangu kwamba mwezi ule ni mpenzi, na kwamba mwanga wake ni uzuri wa uso. Waliandika hivyo katika mitihani, nami nikawapa alama. Kisha nikaenda Msimbati, kijiji kilicho katika Ghuba ya Mnazi, ambayo pamoja na maingilio ya mto Ruvuma imekuwa hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000. Nilikaa na mzee mmoja mvuvi ambaye kwa miaka mingi alikuwa mpiga ngoma. Nilimwuliza habari za ngoma. Yeye akanipa habari za dagaa.

Alinieleza kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Giza linapokuwa zito, samaki huufuata mwanga wa taa, na wavuvi huwazungushia wavu. Mwezi ukijaa, bahari yote huwa nyeupe. Taa haina nguvu tena, dagaa hawakusanyiki, na vyombo huvutwa mchangani. Hizo ndizo siku za mvuvi kupumzika. Hushona nyavu mchana, hucheza bao jioni, na usiku huwasha moto wa kukazia ngozi za ngoma. "Mwalimu," akaniambia, "sisi tulikuwa tukiuimba mwezi kwa kuwa ndiye aliyetupa ruhusa." Nilinyamaza. Mpenzi niliyemfundisha miaka yote ile hakuwako. Palikuwa na mtu aliyechoka, akishukuru kupata usiku wa kulala nchi kavu na usiku wa kucheza. Wimbo haukupungua kwa habari hiyo. Ulizidi. Nikamwuliza kwa nini aliacha ngoma. Akasema kwamba mikono iliuma, na kwamba vijana sasa hucheza kwa spika. Yeye aliyebaki na bao hakuona kwamba amepotea, aliona kwamba amezeeka. Habari ya mwezi na habari ya uzee, zote mbili nisingezipata katika maneno ya wimbo hata ningeyasoma mara mia.

Spika zile zilikuwa zikipiga nyimbo za nani? Aghalabu za kijana wa mkoa huu huu, Rajab Abdul Kahali, ambaye ulimwengu wamwita Harmonize, mzaliwa wa Chitoholi. Alijulikana mwaka 2015 kwa wimbo wa Aiyola, akiwa chini ya nyumba ya Wasafi ya Diamond Platnumz, Dar es Salaam. Mwaka 2019 alitoka katika nyumba hiyo akasimamisha yake, akaiita kwa jina la Konde. Mwaka 2020 akatoa albamu ya Afro East. Fungua gazeti lolote la burudani utapata habari zake tele: amependana na nani, ameachana na nani, ana gari gani, amegombana na nani. Fungua sasa majarida yetu ya fasihi. Utapata ukimya. Hapo ndipo ule usemi wa wanazuoni wetu ulipotufikisha: mtu anayesikilizwa na Mtwara nzima ana maelfu ya wambea, na hana mwandishi wa wasifu.

Na jambo la kuandikwa lipo. Tazama jina tu. Katika miji ya pwani jina la Mmakonde limetumika miaka mingi kama tusi. Watu walicheka chale za usoni, walicheka ndonya ya mdomoni, waliigiza matamshi, na mtoto wa Kimakonde aliyefika shule ya mjini alijifunza upesi kuficha kwao. Kisha akaja kijana aliyelichukua jina hilo hilo, akalifupisha, akalivaa mbele ya watu, na vijana wa makabila mengine wakaliimba pamoja naye. Jina lililokuwa kidonda limekuwa pambo. Badiliko hilo ni tukio la lugha na la jamii, na mhakiki asiyeuliza lilitukiaje katika maisha ya mtu mmoja hawezi kulieleza katika maisha ya watu wengi. Mwenyewe ameanza kusimulia njia aliyopita katika wimbo wa Never Give Up. Amefungua daftari; sisi tumekataa kushika kalamu.

Wako watakaosema kwamba kijana huyo amekwisha kuiacha asili yake: amehamia jiji, amechanganya lugha, amepatana na waimbaji wa Naijeria. Watanisomea methali, kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali naiheshimu. Lakini wakumbuke kwamba Siti alizaliwa akaitwa Mtumwa, na ni kwa kuliacha jina alilozaliwa nalo ndipo alipokuwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Binadamu hujengwa kwa mabadiliko yake. Kazi ya wasifu ni kutuonyesha kipi kimebadilika, kipi kimebaki, na gharama iliyolipwa. Mwenye kuhukumu kabla ya kujua hayo amehukumu bila shahidi.

Watu wa Mtwara wana haki zaidi ya kuuliza hesabu hiyo. Gesi iligunduliwa katika Ghuba ya Mnazi mwaka 1982. Mwaka 2013 palikuwa na ghasia mkoani, watu wakilalamika kwamba itapelekwa Dar es Salaam ilhali wao hawajaona faida yake. Na mwaka 2015 bomba likazinduliwa. Sisemi kwamba mwimbaji ni gesi. Nasema kwamba mahali palipozoea kuona vyake vikisafiri, wasifu ni njia mojawapo ya kuandika kilichotoka, kilitoka wapi, na kwa mikono ya nani. Bomba lina vipimo vyake na mikataba yake katika makabati ya serikali. Sauti haina hata karatasi moja.

Hoja ya mwisho ya wapinzani wangu ndiyo yenye uzito, nami siipuuzi. Wasema kwamba mwimbaji naye ni mtu; ana nyumba, ana watoto, ana haki ya kufunga mlango. Kweli. Lakini huo ni ushahidi wangu, si wao. Mlango ule haukuvunjwa na wasifu. Umevunjwa na umbea, tena kwa sababu wenye adabu waliondoka uwanjani. Mmbea huuliza, "Yuko na nani?" Mwandishi wa wasifu huuliza, "Wimbo huu ulitoka katika siku ya namna gani?" Mmbea huchungulia, mwandishi hubisha hodi, akingoja kukaribishwa, na akiambiwa kwamba jambo fulani lisiandikwe, haliandiki. Shaaban Robert alituonyesha kwamba yawezekana kuandika maisha ya mwimbaji na kumwongezea heshima.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi na walimu wenzangu jambo dogo. Kila arudiye kwao likizo, iwe Msimbati au Newala, Pemba au Lamu, amtafute mpiga ngoma mmoja au mwimbaji mmoja, mkubwa au mdogo, mwenye sifa au asiye nayo. Amwombe ruhusa. Aandike kazi iliyomlisha, saa alizopumzika na alichofanya katika saa hizo, majina aliyoitwa, na siku aliyogeuka akawa mwingine. Asingoje afe ndipo aandike tanzia. Mzee wangu wa Msimbati ana miaka mingi, na nilipoondoka nilikuwa nimejaza kurasa tisa tu. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali hii tunayo bado, ila daftari zetu ni tupu.