TUSIWE KAMA WALE TISA

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa shukrani ya punda ni mateke. Methali hii tunaiandika kila mara katika insha zetu, lakini ni wangapi miongoni mwetu wamewahi kujiuliza kama punda anayesemwa ni wao? Mimi nilijiuliza nikiwa nimechelewa.

Nilipokuwa kidato cha pili nilirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, nikakaa huko wiki tatu. Baba alikuwa ameachishwa kazi na mboga alizouza mama zilitosha unga tu. Kila usiku nilipiga magoti nikamlilia Mungu. Jumapili moja, baada ya mahubiri, mchungaji alisimama akatangaza harambee ya papo hapo. Nyanya mmoja, mjane auzaye makaa karibu na kituo cha matatu, alifungua fundo la leso yake akatoa noti ya shilingi hamsini. Nilimwona kwa macho yangu mwenyewe. Haikupita wiki nikawa darasani.

Je, nilirudi kusema asante? Wapi! Likizo ilipofika nilipita mbele ya makaa yake mara nne hivi, nikijitia nina haraka. Halafu siku moja mama akaniambia, "Yule nyanya huniuliza kila Jumapili, 'Mtoto wetu alifika shule?'" Jameni, chakula kilinikwama kooni.

Usiku huo nilisoma Injili ya Luka, sura ya 17. Wakoma kumi walimlilia Yesu wakiwa wamesimama mbali. Aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, nao wakatakasika wakiwa njiani. Aliyerudi kuanguka miguuni pake ni mmoja tu, tena Msamaria, mtu aliyedharauliwa na Wayahudi. Kwa maoni yangu, wale tisa hawakuwa watu wabaya. Walikwenda walikotumwa. Nadhani walikuwa na haraka tu, kama mimi. Tukiwa na shida tunapaza sauti, tukipata tunapotelea njiani.

Isitoshe, kuna shukrani nyingine ambayo ni majivuno yaliyovikwa kanzu. Katika sura ya 18 ya Injili hiyo hiyo, Farisayo naye alimshukuru Mungu, lakini alishukuru kwamba yeye si kama watu wengine. Mbona basi sisi, siku ya ushuhuda, twashukuru kwa kupata alama ya A huku jicho likimtazama aliyepata D? Hiyo si shukrani, ni matangazo!

Najua wako watakaosema, "Mimi nimefaulu kwa jasho langu." Sawa bwana, jasho ni lako. Lakini nguvu za kutoa hilo jasho ulizinunua duka gani? Na mwalimu aliyebaki nawe jioni kukufafanulia hesabu, ulimlipa nini? Wala sisemi kwamba kushukuru ni kufumba macho. Githeri ikiwa na wadudu, tuwaambie wahusika kwa adabu. Hata hivyo, tusiimalize ile sala ya bwaloni kabla ya viranja kufumba macho, kana kwamba Mungu ndiye anayetuchelewesha.

Nami nilikwenda kwa yule nyanya. Nilikuwa nimeandaa hotuba, lakini maneno yote yalinitoroka. Nikasema tu, "Nyanya, nimekuja kusema asante." Alicheka, akanishika mkono kwa vidole vyake vyeusi vya makaa. "Mshukuru Mungu, mjukuu wangu. Halafu nichotee maji, mtungi umekauka."

Tangu siku hiyo, kila likizo namchotea mitungi miwili asubuhi. Shilingi hamsini zake siwezi kuzilipa, na zile baraka za Mungu ndizo kabisa! Ila nimejifunza kwamba shukrani isiyo na miguu haifiki popote.

Ewe msomaji, nani anauliza kama ulifika? Likizo ndiyo hiyo yaja. Rudi.