Nani amekosa nafasi nyumbani kwako?

Hebu, msomaji mpendwa, inua macho kidogo utazame meza iliyo mbele yako. Hesabu vitu vilivyo juu yake. Kisha ujiulize ni vingapi kati ya hivyo umevigusa tangu Jumapili iliyopita.

Mimi nilihesabu vyangu mwezi jana nikafika 23, nikachoka. Aliyenifanya nihesabu ni binti yangu wa Gredi ya 5. Nilimkuta amelala kifudifudi kitandani, daftari limekunjamana, akifanya hesabu alizopewa na mwalimu. Nilipomkaripia kwa nini haketi mezani kama mwanafunzi, alinijibu kwa upole, "Mama, meza imejaa."

Na kweli ilikuwa imejaa. Maua ya plastiki, rimoti mbili za televisheni iliyokufa zamani, risiti kuukuu, bakuli la funguo zisizojulikana ni za kufuli gani, na juu ya hayo yote simu yangu, ikilia na kutetemeka.

Bila shaka umeona picha za zile nyumba zinazosifiwa siku hizi: ukuta mweupe, kiti kimoja, mmea mmoja, basi. Kusema kweli, picha hizo hunikera. Anayetupa kiti leo kwa kuwa ana pesa za kununua kingine kesho hawezi kumfundisha mama wa Kayole anayehifadhi ndoo yenye ufa, maana anajua maji ya mfereji yatakatika na kila chombo kitahitajika. Kuweka akiba si uchafu.

Tena hatuna haja ya kwenda ng'ambo kutafuta mfano. Mji wa Kale wa Lamu, ambao Unesco iliuorodhesha mwaka wa 2001 miongoni mwa turathi za dunia, una nyumba za mawe ambazo vyumba vyake ni vyembamba kama vya fleti zetu. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, kwa hivyo upana wa chumba haungeweza kupita sana mita 3. Lakini ukiingia hujihisi umebanwa. Mafundi walichonga zidaka ndani ya kuta zenyewe, vyombo vya kauri na vitabu vikakaa humo, na sakafu ikaachiwa watu. Waliojenga hivyo walijua mali itakaa wapi na mgeni ataketi wapi.

Hapo ndipo nilipopata swali langu. Badala ya kujiuliza nitupe nini, nilijiuliza ni nani amekosa nafasi. Jibu lilikuwa binti yangu, kwa hivyo nilianza na meza, si nyumba nzima. Rimoti na funguo zilienda. Kile kitambaa cheupe alichokifuma mama mkwe kilibaki, kwa sababu nikikitazama namkumbuka, na pia kwa sababu ninamwogopa. Sofa ya watu saba bado imejaza sebule yetu na sijui nitaifanyaje, maana tulizawadiwa arusini na aliyetupa hutembelea kila Krismasi.

Simu ndiyo iliyonitoa jasho. Mgeni wa kwetu hupiga hodi, akangoja akaribishwe. Arifa za simu haziijui hodi. Kikundi cha chama, duka la viatu, wakopeshaji wa mtandaoni, wote huingia hadi chumba cha kulala saa nne za usiku. Nilizinyamazisha zote isipokuwa simu za kupigiwa na ujumbe wa watu wa nyumbani. Katika ukurasa wa kwanza niliacha programu nne pekee. Zile za kuperuzi niliziondoa kabisa, na wanafunzi mnaonisoma mkiwa hosteli mtafurahi kusikia kwamba hata bando sasa linadumu.

Usidhani kwamba udhaifu ni wako peke yako. Mwaka wa 2006 msanifu Mmarekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa usio na mwisho, ule unaozidi kuteremka kadiri unavyousukuma kwa kidole. Baadaye alijuta hadharani. Gazeti hili ulilolishika lina ukurasa wa mwisho. Ukifika hapo utalikunja uende kupika. Ukurasa wa Raskin haukuachii mahali pa kusimama, kwa hivyo mahali hapo inabidi upaweke mwenyewe. Mimi nimepaweka juu ya friji. Simu hulala huko kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi watoto walale.

Juma la kwanza lilikuwa gumu. Mkono wangu ulikuwa ukienda mfukoni wenyewe, kama wa mtu aliyeibiwa. Jumatano, binti yangu akiwa mezani na daftari lake, aliniuliza jinsi ya kugawanya sehemu kwa sehemu. Nilikuwa nimesahau kabisa, na nikainuka kwenda kuifuata simu inisaidie.

"Ketini tu, Mama," akasema. "Nitawaonyesha."

Akanionyesha, mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza sikuelewa. Nikagundua pia kwamba jino lake la pembeni limeng'oka, na wala sikujua ni lini.