Jani la Mtambuu na Yakunjwayo Ndani Yake

Katika pwani yetu ni wachache wasioujua mtambuu. Ni mmea utambaao, ndugu wa pilipili manga, wenye majani ya sura ya moyo. Hupenda kivuli na unyevu, na kila penye kifundo cha shina hutoa vijizizi vya kushikia mti ulio karibu. Asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, lakini huku kwetu ni mgeni wa zamani: Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliletewa sahani ya majani ya tambuu na popoo, kabla hata ya chakula, kuwa ni heshima ya mgeni.

Waganga wa Bara Hindi hulitumia jani hilo kuondoa harufu ya kinywa, na wakilipaka mafuta na kulipasha moto huliweka juu ya kifua cha mtoto mwenye kikohozi. Mafuta yake yana yujenoli, kitu kile kile kilichomo katika karafuu za Unguja na Pemba.

Basi jani hatuna ugomvi nalo. Ugomvi wetu ni na popoo na tumbaku. Wazee waliviita vikorombwezo vya tambuu uraibu, na leo neno hilo limekuwa jina la kila mazoea yasiyoachika. Yatosha kuwa ushahidi. Wataalamu wa kimataifa wa saratani walioko Lyon, Ufaransa, walithibitisha mwaka 1985 kwamba tambuu yenye tumbaku huleta saratani ya kinywa. Wengi wakasema, "Sisi hatutii tumbaku." Mwaka 2004 ikatangazwa kwamba popoo peke yake ladhuru vilevile. Mashavu hukakamaa kwa ndani, pilipili kidogo huchoma kama moto, na mwisho mtu hushindwa kufumbua kinywa apate kula. Ukakamavu huo hauondoki kabisa hata akiacha kutafuna.

Twawaambia hasa vijana wetu, kwa kuwa siku hizi popoo husagwa, likatiwa utamu na manukato, likauzwa katika vipakiti vya rangi bila ya jani lolote, mtoto akalidhani peremende. Na nyinyi kina mama mnaoandaa sinia za arusi, kunjeni jani kwa iliki na karafuu. Mgeni hatapungukiwa na heshima.

Mwenye kidonda au doa jeupe kinywani lisiloondoka kwa majuma mawili na aende hospitali, wala asilifunike kwa tambuu nyingine.