Kujenga ekipe upya ni kazi, haiko kisingizio



Neno moja limeingia mu midomo ya watu wote wanaopenda mupira: «reconstruction». Mazembe ikifungwa, mutu anakuambia iko mu reconstruction. Ikitoa sare nyumbani, reconstruction. Muchezaji muzuri akiuzwa, reconstruction tena. Sisi wa sendika hilo neno tunalijua tangu zamani. Njo neno wakubwa wa kazi wanatutolea wakati mushahara umechelewa miezi mitatu: kampuni inajengwa upya, mukaze mukaba, mungojee. Kwa hiyo leo tunaomba ruhusa ya kusema juu ya mupira, lakini kusema kama wafanyakazi.

Watatuuliza: watu wa Kiwanja munatafuta nini ku ekipe ya Lubumbashi? Kivu iko na ekipe zake, Virunga na Dauphin Noir za Goma, Nyuki ya Butembo. Ni kweli, na tunazipenda. Lakini Mazembe ilizaliwa mu muji wa shaba, mwaka 1939, kwa mikono ya wamisionari Wabenedikto. Pembeni yake kuna Saint-Éloi Lupopo, ekipe ya watu wa reli, wale waliokuwa wakibeba hiyo shaba. Kwa hiyo derby ya Lubumbashi ni mambo ya wafanyakazi tangu mwanzo. Na leo ile jezi ya nyeusi na nyeupe, yenye mamba na mupira mu kinywa, unaikuta hata mu mashimo ya koltani. Tena pesa ya kucheza pari inatoka mu mifuko yetu. Mutu anayelipa ana haki ya kuuliza.

Tuangalie historia, juu vijana wengi wanafikiri Mazembe ilianza na kizazi cha Kidiaba. Hapana. Wakati ikiitwa Tout Puissant Englebert, ilichukua kombe la klabu bingwa Afrika mara mbili kufuatana, 1967 na 1968. Ikarudi mu finali 1969 na 1970, ikapoteza zote mbili. Mwaka 1980 ikachukua kombe la washindi wa makombe. Kisha, giza. Kombe la Afrika halikurudi tena Lubumbashi mpaka 2009. Miaka 29! Mutoto aliyezaliwa siku ya kombe la 1980 alikuwa tayari baba ya watoto wakati wa kombe lililofuata.

Na mu ile miaka 29, nini kilipita mu muji wenyewe? Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka mu miaka ya 1980, ilianguka. Mugodi wa Kamoto ulibomoka 1990. Kufika 1994, shaba ilikuwa chini ya tani 50,000. Mu 2003 ikaja ile «départs volontaires»: wafanyakazi 10,655 walipewa bahasha na kurudishwa nyumbani. Hatusemi kama shaba peke yake iliangusha mupira. Lakini muji ukikosa mushahara, stadi inakosa watu, ekipe inakosa viatu, na mutoto mwenye kipaji anaenda kutafuta chakula.

Sasa tuangalie namna Mazembe iliinuka, juu hapo njo kuna fundisho. Moïse Katumbi alichukua uongozi wa klabu 1997. Kutoka hapo mpaka kombe la 2009 ni miaka 12. Haikuwa muujiza wa usiku mumoja. Wachezaji walilipwa vizuri kuliko mu klabu nyingi za nchi. Ekipe ilishikwa pamoja muda murefu, wachezaji wakajuana. Mu 2010 wakachukua tena kombe la Afrika, wakaenda Abu Dhabi, wakafunga Internacional ya Brazili 2-0, wakawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika finali ya kombe la dunia la klabu. Inter Milan iliwafunga 3-0, lakini nani aliyelia? Na musisahau: Trésor Mputu, nyota yao, hakucheza ile safari yote, alikuwa na adhabu ya FIFA. Nyumba iliyojengwa kwa matofali mengi haianguki juu ya tofali moja.

Mu 2011 stadi yao mupya ikafunguliwa kule Kamalondo. Mwaka ule ule wakamuleta kijana wa Tanzania kutoka Simba, Mbwana Samatta. Mu 2015 Samatta akawasaidia kuchukua kombe la tano la mabingwa, kisha Januari 2016 akaenda Genk, Ubelgiji. 2016 na 2017 wakachukua kombe la Confédération mara mbili kufuatana, wakati presidenti wao alikuwa nje ya nchi. Kumbe kazi ikipangwa vizuri, inatembea hata wakati mwenyewe iko safari.

Lakini toka hapo mulima ukaanza kushuka. Oktoba 2022 Vipers ya Uganda iliwatoa kwa penalti mu Lubumbashi yenyewe, kisha 0-0 mbili. Mwanzo wa 2023, mu kombe la Confédération, Yanga ya Dar es Salaam iliwafunga kule na huku, na Mazembe ikamaliza ya mwisho mu kundi. Wakamurudisha kocha Lamine N'Diaye, yule wa 2010. Msimu wa 2023-2024 ulileta pumzi: ubingwa wa nchi, na nusu finali ya Afrika, mpaka Al Ahly ikawafunga 3-0 kule Kairo. Watu wakasema, tumefika. Msimu uliofuata, mwisho mu kundi tena, na ubingwa wa Kongo ukaenda kwa Aigles du Congo ya Kinshasa. Kujenga upya ni hivyo: unapanda hatua mbili, unateleza moja, siku zingine unateleza tatu.

Tusisahau mabinti. Mu Novemba 2024, mu ule mwaka wanaume walikuwa wakiteseka, wanawake wa Mazembe walichukua kombe la mabingwa la Afrika la wanawake kule Moroko. Wengi mu vikundi vya mupira walisema juu yake dakika moja, kisha wakarudi kulia juu ya wanaume. Bamama wanaopepeta na kuosha mawe ku mito wanajua hiyo hali: kazi wanafanya, jina lao halitajwe.

Kuna kitu kingine cha kupima nacho. Kule Amerika ya Kaskazini wako na mupira wa fimbo juu ya barafu, na klabu zao kubwa pia zinaanguka na kujengwa upya, zingine miaka mingi. Lakini kule, ekipe inayomaliza chini inapewa bahati kubwa zaidi ya kuchagua vijana wa kwanza wanaoingia mu mupira wa kulipwa. Chicago ilianguka chini sana, na 2023 ikachagua mbele ya wote. Tena wachezaji wako na sendika yao tangu 1967. Msimu wa 2004-2005 wenye klabu walifunga milango, hakuna mechi hata moja iliyochezwa mwaka muzima. Wakati wa kurudi ku meza, wenye klabu walipata kikomo cha juu cha mishahara, lakini kukawa pia kikomo cha chini: hakuna klabu inayoweza kusema «tunajenga upya» na kulipa wachezaji pesa ya karanga. Hapa kwetu, hakuna anayekupa kitu ukiwa wa mwisho. Na muchezaji asiyelipwa analia peke yake, kama kreseri ambaye PDG wa shimo amemukimbia na mizigo.

Kwa hiyo sisi tunasema: tuvumilie, lakini tusidanganywe. Mutu yeyote akituambia anajenga upya, iwe klabu, iwe kampuni, iwe koperative, tumuulize maswali matatu.

La kwanza: nani analipa bei ya kungojea? Kama wakubwa wanabaki na magari yao na mudogo njo anakosa mushahara, hiyo haiko kujenga. Hiyo ni kula nyumba ukianza na musingi.

La pili: vijana wako wapi? Ekipe inayojengwa kweli unaona watoto wa kumi na saba, kumi na nane wanaingia, wanakosea, wanarudishwa tena uwanjani. Mu kare, kujenga kweli ni kufundisha kijana kuweka miti mu shimo na kusoma udongo, si kumutuma mu tuneli yenye maji juu yeye ni mwembamba.

La tatu: mutu mumoja akienda, kitu kinabaki? Hapa tuseme wazi, bila kumuchukia mutu. Mazembe imepata mengi kwa sababu ya tajiri mumoja, na tunamushukuru. Lakini klabu yenye mufuko mumoja, ule mutu akipata homa, ekipe yote inakohoa. Hata koperative zetu nyingi ziko hivyo: presidenti, bibi yake na shemeji yake.

Sheria iko. Kodi ya migodi ya 2018 inasema kreseri awe ndani ya koperative iliyokubaliwa. Inasema pia kampuni zinazochimba zitoe 0.3% ya mauzo yao kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu na mugodi. Hapa Rutshuru tuliona Lueshe, namna kazi ya Somikivu ilisimama, ikaanza, ikasimama tena. Sasa vita vimefunga mengine mengi, na tangu mwisho wa Oktoba 2022 sisi wa Kiwanja tunajua kungojea ni nini. Siku moja amani itarudi, na watakuja watu na mafaili mazuri kusema wanajenga Kivu upya. Siku hiyo yale maswali matatu yawe tayari mu vinywa vyetu.

Kwa wazazi tunaongeza maneno mawili. Mutoto mwenye mupira mu miguu asitolewe mu masomo kwa ahadi ya mutu anayesema atamupeleka akademi. Akademi ya kweli inakuja kumuona mutoto akicheza. Ile inayoomba kwanza dola hamsini ya «dosye» ni mwizi. Na wewe baba, ile pesa ya minerval usiiweke ku pari eti Mazembe lazima ishinde juu ilishinda 2010. Mwaka 2010 hauchezi mechi ya Jumapili.

Tutaendelea kushangilia. Hatuachi ekipe juu iko chini; mutu anayekimbia wakati wa njaa asirudi wakati wa mavuno. Lakini kushangilia si kulala. Mu mukutano wa koperative unaokuja, kila mutu ainue mukono aombe kuona daftari la pesa: nini kiliingia, nini kilitoka, nani alisaini. Kama daftari haliko, mujue hakuna kinachojengwa.