Urefu wa Mlima Huanzia Baharini

Mwulize mwanafunzi yeyote wa hapa Kuze urefu wa mlima Kilimanjaro, naye atakujibu pasi na kusita: mita 5,895. Mwulize tena mita hizo huhesabiwa kuanzia wapi, aghalabu atanyamaza. Ilhali jibu li hatua chache tu kutoka mlangoni pake. Huhesabiwa kutoka usawa wa bahari, na bahari ndiyo jirani yetu wa Mji wa Kale.

Simlaumu mtoto. Nailaumu ada ya kufundisha tarakimu bila ya sababu zake.

Natuitazame theluji. Mlima huo uko kiasi cha nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta. Vipi basi kilele chake kiwe na barafu? Wastani wa joto la Mombasa ni kama nyuzi 27 za Selsiasi, na kwa kila mita 1,000 tupandazo, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Mwanafunzi na azidishe, kisha atoe. Atapata kama nyuzi 8 chini ya sufuri, kadirio lililo karibu na hali halisi ya kilele cha Kibo. Hesabu hiyo haihitaji maabara wala nauli ya kwenda Moshi.

Historia nayo yatufunza jambo. Mnamo tarehe 11 Mei, 1848, mmishonari Johannes Rebmann, aliyekuwa na makao Rabai, karibu na Mombasa, aliuona weupe juu ya mlima ule. Kiongozi wake wa safari aliuita weupe huo kwa neno moja tu: baridi. Kule London, mwanajiografia William Desborough Cooley alikana katakata kwamba theluji yaweza kudumu karibu na ikweta. Safari za Karl Klaus von der Decken za mwaka 1861 na 1862 zikathibitisha kuwa theluji ipo. Naam, neno moja la Kiswahili lilikuwa sahihi kuliko nadharia ya bingwa. Hata hivyo, vitabu vingi humtaja Rebmann peke yake, na yule kiongozi hatajwi.

Baridi hiyo si habari ya kale tu. Pepo zivumazo kutoka Bahari ya Hindi hubeba mvuke unaokuwa mvua miteremkoni, hasa upande wa kusini, na theluji kileleni. Lakini kati ya mwaka 1912 na 2011, zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kilimanjaro ilitoweka. Wataalamu hutaja ongezeko la joto duniani, na pia ukavu wa hewa: theluji mpya ikipungua, barafu ya zamani huliwa na jua, nyingine ikigeuka mvuke bila ya kuwa maji kwanza.

Mtoto asiyejua barafu hiyo ilikujaje hatashtuka ikitoweka. Hilo ndilo linalonitia hofu.

Kwa hivyo nawaomba walimu wenzangu na watungaji wa mitihani: swali la "mita ngapi?" lifuatwe daima na swali la "kwa nini?" Nanyi wanafunzi, msingoje kuulizwa. Kuuliza si ujinga, na safari ya kuufahamu mlima mrefu kuliko yote Afrika yaweza kuanzia papa hapa pwani.